Usubi Kwenye Begonia za Mke Wangu

Usubi ule niliuona kwanza kwenye kikombe cha chai. Ilikuwa asubuhi, jua halijachomoza vizuri, nimekaa kwenye kigoda katika baraza la nyuma la nyumba yetu hapa Likombe, na juu ya chai yangu ya rangi vilikuwa vinaelea vidudu viwili vyeusi, vyembamba, vidogo kuliko mbegu ya ufuta. Nikavitoa kwa ncha ya kijiko, nikanywa. Kesho yake vilikuwa vinne. Siku ya tatu, nilipokuwa nainuka, goti langu liligusa chungu kimoja cha maua, na kutoka kwenye udongo kikapanda kiwingu cheusi, kikanizunguka usoni, kisha kikatua tena palepale kilipotoka.

Maua yenyewe hayakuwa yangu. Yalikuwa begonia za mke wangu, vyungu tisa vilivyopangwa kufuata ukuta, mahali ambapo jua halifiki moja kwa moja. Alianza na mche mmoja alionunua kwa muuza miche wa kando ya barabara, akawa anakata vishina na kuviotesha kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka, mpaka baraza likajaa. Nyingine zilitoa maua meupe, nyingine ya waridi, na moja ilikuwa na majani mekundu kwa chini kama yamepakwa wino. Jani la begonia halilingani pande zake mbili. Upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, kama sikio. Wageni waliyasifia, na mke wangu, ambaye ni muuguzi na si mtu wa kujisifu, alikuwa akisimama hapo mlangoni akifurahi kimyakimya.

Wiki mbili kabla ya habari ya chai alikuwa amesafiri kwenda Dodoma kwenye kozi ya miezi minne. Alipokuwa akifunga begi aliniambia, "Nakuachia mama na maua. Usinipotezee hata chungu kimoja." Nikamuuliza yanyweshwe mara ngapi. Akasema nisihesabu siku, nichomeke kidole kwenye udongo, nikikuta pamekauka mpaka kwenye kiungo cha kwanza cha kidole ndipo nimwagilie. Nikaitikia. Lakini mimi ni fundi wa majokofu, nimezoea kupima kwa geji, na hayo mambo ya kidole niliyaona kama mzaha. Basi lake lilipoondoka tu, nikajiwekea utaratibu wangu mwenyewe: kopo moja la maji kila chungu, kila siku, baada ya swala ya alfajiri. Nilijiona mwangalifu kweli.

Mama aliyeniachia ni mama yake mzazi. Alikuwa ametoka kijijini kwao, karibu na mto Ruvuma, kuja kutolewa mtoto wa jicho kwenye hospitali hapa mjini. Yeye ni Mmakua, alizaliwa ng'ambo ya mto, akavushwa na wazazi wake akiwa binti mdogo, na tangu hapo amelima mpunga na mihogo upande huu. Jicho la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji, la kushoto likisubiri. Daktari alimkataza moshi, alimkataza kubeba na kuinama sana, na akampa dawa ya matone. Kijijini hayo yote yasingewezekana, kwa hiyo ilibidi akae kwetu. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni. Mke wangu alipoondoka, tukabaki nyumba nzima watu wawili, mimi na mama mkwe.

Mimi ni Mmakonde, wao ni Wamakua, lakini katika jambo la mkwe hatutofautiani sana. Mama wa mkeo humzoei. Humtazami usoni, huli naye, humpiti karibu, na likiwepo neno linapitia kwa mtu mwingine. Katika miaka kumi na minane ya ndoa yangu, maneno niliyokuwa nimemwambia ana kwa ana yangeenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na mengi yalikuwa shikamoo.

Kati yetu pia kulikuwa na jambo lingine juu ya heshima hiyo. Baba mkwe alipofariki, miaka sita nyuma, nilifika msibani siku ya tatu. Kama mkwe nilitegemewa niwe miongoni mwa waliochimba kaburi, na kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Kwa kuwa sikuulizwa, sikueleza, na ukimya huo ukabaki kati yangu na ukoo ule, hasa kati yangu na mama.

Kwa hiyo tuligawana nyumba kwa saa. Alfajiri uani palikuwa pangu. Jua likishapanda naenda kwenye kibanda changu cha kazi mbele ya nyumba, upande wa barabara, naye anafungua mlango wa chumba chake cha uani na kukaa barazani mpaka jioni. Jirani yetu, mama mmoja mjane mwenye shamba la mihogo Ziwani, alikuwa akija asubuhi na jioni kumtia matone ya jicho na kutusaidia kupika. Chakula changu nilikikuta mezani kimefunikwa. Na likiwepo neno, lilipitia Dodoma. Mama akitaka chumvi anampigia binti yake, binti yake ananipigia mimi niliye hatua ishirini kutoka kwa mama, nami nanunua chumvi na kuiweka kwenye kizingiti. Sikuwahi kuona ajabu yoyote katika hilo.

Sasa usubi. Jirani ndiye aliyeutaja kwa jina nilipomwonyesha. Alisema hauumi mtu, lakini umezaliana humohumo kwenye vyungu, na akanishauri nimtafute bwana shamba. Sikumtafuta. Nilichukua dawa ya mbu ya kupuliza nikapuliza baraza zima, nikafagia vilivyokufa, na nikalala nikijua nimemaliza. Asubuhi vikapanda vingine kutoka kwenye udongo uleule.

Nikaenda Nanyamba kwa kaka yangu, mwenye mikorosho. Alikuwa amebakiwa na salfa kidogo ya msimu uliopita. Aliniambia wazi kwamba salfa ni ya ugonjwa wa ubwiriunga kwenye korosho, si ya wadudu wa kwenye vyungu, na kwamba kwenye jua kali inaunguza majani laini. Mimi nikaona dawa ni dawa. Alfajiri iliyofuata nikaimwaga juu ya vyungu vitatu, unga wa njano kila mahali, nikaenda kazini. Kesho yake nilikuta unga haupo na udongo umelowa chapachapa. Nikadhani ni umande. Siku mbili baadaye majani ya vyungu vile vitatu yalikuwa yamekauka kingo kama yamepitiwa na pasi ya moto, na usubi ulikuwa palepale.

Kisha hata vyungu ambavyo sikuvigusa kwa salfa vikaanza kunyong'onyea. Majani yalilegea, vishina vikawa laini ukivibonyeza. Mimi nilipoona majani yamelala nikafikiri ni kiu. Nikaongeza maji, kopo moja na nusu.

Jirani alipiga picha kwa simu yake na kumtumia mke wangu. Jioni ile simu yangu ikaita. Hakunifokea, ila sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. Aliuliza mama anaendeleaje, akauliza kazi, kisha akaniuliza kama nachomeka kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia.

Nikamjibu kwamba nachomeka.

Tumeishi miaka mingi, tumepita mambo makubwa kuliko maua bila kudanganyana, na sasa nilikuwa nimemdanganya kwa ajili ya kidole.

Siku chache baadaye niliitwa kutengeneza friza la mama mmoja muuza samaki. Nilipofika tu umeme ukakatika, na bila umeme huwezi kujaribu kompresa, kwa hiyo nikarudi nyumbani mapema, baada ya alasiri, saa ambayo kwa mgawanyo wetu sikutakiwa kuwa uani. Niliingia kwa mlango wa mbele kutafuta bisibisi niliyoisahau. Kwa kawaida ningekohoa, na mama angenisikia na kuingia chumbani kwake. Kabla sijakohoa nikasikia maji yakimiminika.

Nilichungulia kwenye mlango wa nyuma. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye baraza, kanga moja kichwani, mkononi ana lile kopo langu la kumwagilia. Alikuwa akinywesha begonia. Alichota kwenye ndoo, akamimina kopo zima kwenye chungu cha kwanza, akashika jani moja moja na kusema nalo kwa Kimakua, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Akaenda cha pili, kopo zima. Cha tatu. Maji yalikuwa yanatoka chini ya vyungu na kutiririka mpaka kwenye miguu yake.

Nilirudi nyuma taratibu, nikatoa simu nikampigia mke wangu ili ampigie mama yake amwambie aache. Nikapiga mara tatu, haikupokelewa. Walikuwa kwenye mtihani. Nikasimama kwenye korido na simu mkononi. Nje kopo lilikuwa limefika chungu cha tano. Nikakohoa.

Aligeuka haraka akatazama ukuta, kanga akaivuta mbele ya uso. Alitaka kwenda chumbani, lakini ndoo ilikuwa njiani kwake na sakafu ilikuwa inateleza, akasimama. Nami nikatazama chini.

"Mama, samahani," nikasema. "Hayo maua mimi nayanywesha asubuhi."

Kisha akauliza, akiuelekea ukuta, "Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Na mimi nayanywesha kila siku jioni."

Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka barazani hadi chini.

"Basi tumeyazamisha," akasema. "Mimi na wewe."

Alinieleza sababu yake pale pale, akiwa bado amenipa mgongo. Alikuwa anakula chakula cha nyumba hii bila kufanya kazi yoyote, amekatazwa jiko, amekatazwa jembe, na hayo masikio ya binti yake, ndivyo alivyoyaita yale maua, hakumwona mtu yeyote akiyagusa kuanzia anapoamka mpaka anapolala. Akafikiri mkwe wake hayajali. Akaona angalau hicho akifanye. Unga wa njano aliuosha yeye, kwa sababu alidhani ni ukungu.

Mimi nikamwambia ukweli kuhusu kidole. Sijui kwa nini nilianza na yeye kabla ya mke wangu. Pengine ni kwa sababu alikuwa ametazama ukuta.

Jioni hiyohiyo tuling'oa kwa muda begonia moja kuangalia. Niliing'oa mimi, nikaiweka kwenye gunia lililotandikwa, nikarudi hatua kadhaa, naye akasogea akachuchumaa kidogo. Mizizi ilikuwa ya kahawia na inanuka kama maji ya mtaro. Mimi sikuona kingine. Yeye, kwa jicho lake jipya ambalo halikuwa hata na mwezi mmoja na nusu, akaona. Alisema mna funza. Nikaleta tochi na miwani yangu ya kazini, na kweli walikuwepo, weupe, wembamba kama uzi wa kushonea, vichwa vyao vyeusi, wakijipindapinda kwenye udongo uliolowa. Huo ndio ulikuwa usubi kabla haujaota mabawa. Tulikuwa tunaulea kwa makopo mawili kwa siku, na mimi nilikuwa napuliza dawa hewani.

Mke wangu alipotoka kwenye mtihani alikuta nimempigia mara tatu, akapiga. Nikamwambia nilidanganya kuhusu kidole. Nikamwambia habari za maji ya asubuhi na maji ya jioni.

"Ya jioni nani amekwambia?" akauliza.

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Akaniuliza tulikuwa tumesimama wapi.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya watu wawili. Hatukuvunja heshima, tuliipanga upya. Nilihamisha kazi zangu ndogondogo, kama kusafisha feni na kuchomelea nyaya, nikazileta upande wa uani, nikakaa nimeelekea mlango wa korido. Yeye alikaa kwenye mkeka ameelekea vyungu. Migongo yetu ilitazamana, na kati yetu palikuwa na nafasi ya kutosha mtu wa tatu kupita. Hivyo tuliweza kuzungumza.

Kwanza tuliacha maji. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kwangu. Kila jioni mkono wake ulikuwa unatafuta kopo, mpaka nikalichukua nikaliweka kibandani. Udongo wa juu, ule mweusi uliolowa, tuliutoa kwa kijiko na kuumwaga mbali kwenye jua, na mahali pake tukaweka mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, ambao jirani alitupatia kutoka kwenye lundo lake la kujengea. Mchanga unakauka upesi, na usubi hautagi mayai pakavu. Hilo tulilijua kwa bwana shamba, ambaye safari hii nilimpigia simu kama nilivyoshauriwa tangu mwanzo.

Jirani naye alisema kwamba kwenye shamba lake la Ziwani waliwahi kuja wataalamu wakatundika vibao vya njano vyenye gundi, ili kuhesabu inzi weupe wa mihogo, na kwamba vidudu vingi vidogo hupenda njano. Nilikuwa na dumu tupu la njano la mafuta ya kula. Nikalikata vipande virefu kama rula, nikavipaka grisi ninayopaka kwenye feni, nikavichomeka kimoja kila chungu. Asubuhi iliyofuata vipande vilikuwa vimegeuka vyeusi. Mama alivitazama akatoa sauti ya kuridhika, kisha akaniomba nivifute na kuvipaka tena, na ikawa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Si kila alichosema kilifaa. Alitaka tuvifukize vyungu kwa moshi wa maganda ya korosho, nikamkumbusha kwamba daktari amemkataza moshi, na siku nzima hakusema nami. Siku nyingine, nikiwa mjini, alinyunyiza majivu kwenye vyungu viwili kama wanavyofanya kijijini kwenye mboga. Yalipogusana na unyevu uliobaki yakaganda kama saruji, maji yakawa hayapiti tena kwenda juu wala chini, na chungu kimoja kati ya hivyo kilikufa. Aliniambia mwenyewe kabla sijakiona. Nikamwambia cha salfa kilichokufa wiki iliyotangulia kilikuwa changu, kwa hiyo tuko sawa. Nikamsikia akicheka kidogo kwa pumzi. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Ilikuwa wiki ya tatu ya kazi hiyo, mchana wa mawingu, nami nimeshika koili ya friji ndogo napitisha brashi, aliponiuliza.

"Baba," akasema, maana ndivyo anavyoniita kwa heshima, "siku ile ya msiba ulikuwa wapi?"

Nikaacha kupiga brashi. Sikugeuka. Nikamwambia kwamba habari ilinifikia mchana, na nikapata lori lililokuwa linaenda upande wa Kitaya, njia ya kwenu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Lori likakwama kwenye matope giza likiwa linaingia, tukalisukuma mpaka tukachoka, tukalala msikitini kwenye kijiji kilichokuwa karibu. Asubuhi nikaanza kutembea kwa miguu. Nikakuta kijito kimefurika na daraja la miti limechukuliwa, wakanizuia kuvuka mpaka kesho yake maji yalipopungua. Simu ilikuwa imelowa na kuzima tangu usiku wa kwanza. Nilipofika, watu walikuwa wanakunja mikeka.

"Nilikaa na wanaume," nikasema. "Nikasoma dua, nikapewa chakula. Hakuna aliyeniuliza, nikaona nikieleza nitaonekana natafuta kisingizio."

Nikamsikia akivunja jani kavu.

"Kwetu tuliambiwa ulikuwa na kazi ya majokofu ya watu wakubwa mjini," akasema hatimaye. "Nikasema basi, majokofu yamemzidi mume wangu."

"Sikuwa na kazi yoyote siku ile, mama."

"Miguu yako ilikuwa na vidonda," akasema. "Nilikuona ulipoingia, umevua viatu. Nikajiuliza fundi wa mjini amepata wapi vidonda. Sikuwa na wa kumuuliza."

Baada ya muda alianza kunieleza jinsi kaburi lilivyochimbwa, nani alishika jembe, udongo ulivyokuwa mzito kwa mvua, na kwamba marehemu alikuwa akiniulizia wiki moja kabla, maana redio yake ilikuwa imeharibika na alikataa mtu mwingine aiguse. Hilo sikulijua. Nilipiga brashi ile koili muda mrefu baada ya kuwa safi, kwa sababu macho yangu hayakuwa yanaona vizuri na sikutaka kuinuka.

Mvua za masika zilipokatika, vipande vya njano vikaanza kukaa siku mbili, siku tatu, vina vidudu vichache tu. Ikafika asubuhi nilikunywa chai yangu yote barazani bila kutoa chochote kikombeni. Vyungu vilikuwa vimebaki saba. Mama alikuwa amekata vishina vizima vya vile vilivyougua, akaviotesha kwenye makopo ya siagi kwa mchanga ule, na vinne vilishika. Majani mapya ya begonia yanatoka yamekunjwa, kisha yanafunguka upande mmoja kwanza. Yeye ndiye aliyenionyesha hilo, kwa kuniambia niende nikaangalie akiwa ameingia chumbani.

Mke wangu alirudi kutoka Dodoma mwezi wa saba. Alisalimia, akaweka begi, na kabla hajavua viatu akaenda baraza la nyuma akachomeka kidole chungu baada ya chungu, mpaka cha mwisho. Akahesabu vipya na vilivyokosekana. Sisi wawili tulisubiri, mimi mlangoni, mama dirishani kwake, kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Akasema udongo uko vizuri. Kisha akageuka akatutazama, mmoja halafu mwingine, na nikaona kwamba si maua aliyokuwa anayafikiria. Jioni aliniuliza tumezungumza nini miezi yote hiyo. Nikamwambia tumezungumza usubi, ambao ulikuwa ukweli, na habari za msiba nikamweleza taratibu tulipobaki wenyewe. Alilia kidogo, akasema alikuwa amechoka kuwa katikati bila kujua yuko katikati ya nini.

Mama akarudi kijijini kuvuna mpunga wake aliouacha kwa nduguze. Usubi haukuisha moja kwa moja. Mawingu yakishuka na kukaa siku nyingi, viwili vitatu vinajitokeza, nasi tunaacha kumwagilia, tunachomeka vipande vya njano, vinapungua. Siku hizi nachomeka kidole. Ni kipimo kizuri, hakihitaji betri.

Mwaka huu alirudi kwa ajili ya jicho la kushoto. Siku ya kwenda hospitali mke wangu alikuwa zamu na hakupata wa kumshikia zamu hiyo. Zamani tungeahirisha, au tungemwomba jirani. Safari hii mama mwenyewe alisema nimpeleke mimi. Tulikwenda kwa bajaji, yeye nyuma, mimi mbele pembeni ya dereva, na tukakaa kwenye benchi moja la kusubiria, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule. Walimtia dawa ya kupanua mboni, akawa haoni vizuri kwa macho yote mawili. Muuguzi mmoja wa kliniki alipokuja na daftari akamuuliza amekuja na nani.

"Na mwanangu yule," akajibu, akinyoosha mkono upande ambao sikuwepo.

Nikainuka nikaenda kuandikisha. Niliporudi akaniuliza ukutani pameandikwa nini, maana anaona tu kitu cheupe kikubwa. Nikasogea karibu kidogo kuliko kawaida ili asikie, nikamsomea ubao wote: siku za kliniki ya macho, siku za wajawazito, saa za kutembelea wagonjwa, namba za vyumba. Nilipofika mwisho akaniambia nianze tena, kwa sababu sehemu ya juu nimeisoma kwa haraka.